Kila Kilichofungwa

Baba yangu alipoanza kusimama muda mrefu nyuma ya zizi, sisi wanawe tulimcheka. Mzee anakwenda haja ndogo, anasimama, anajikamua, yanatoka matone. Anarudi uani, hata kuketi hajaketi, anageuka tena. Mama peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyefua nguo zake, ndiye aliyemsikia akitoka nje kila mara usiku, na ndiye aliyejua kwamba siku za mnada wa Mhunze mzee hagusi maji asije akaaibika mbele za watu. Nilipomwuliza baba, alinijibu kwa ukali kwamba uzee si ugonjwa, nirudi mjini Shinyanga nikamchunguze mume wangu. Nikarudi.

Masika hayo baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alirejea kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, mikono mitupu, mdomo umejaa. Kule machimboni mtu asipopata dhahabu hasemi shimo ni bovu. Husema amefungwa, jirani kamfunga. Ikapikwa pombe ya kumpokea. Baba akanywa kama wenzake, na kesho yake halikutoka hata tone. Tumbo la chini likamvimba likawa gumu, akawa anajipinda na kutoa jasho. Baba mdogo alimtazama mara moja tu, akatoa hukumu.

"Kaka amefungwa."

Neno hilo moja ndilo lililotumaliza. Mkojo ukigoma kutoka tunasema umeziba, basi, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mtu akifungwa, lazima awepo aliyemfunga. Akaitwa mfumu, mganga wa kwetu, akapasua kuku, akatazama matumbo yake, akasema fundo limo humo humo bomani. Kila kilichofungwa kifunguliwe.

Wakafungua kila kitu. Walifungua ndama, wakafungua mizigo ya nyasi na viroba vya mbegu, wakawafumua wasichana nywele, wakawavua shanga za kiunoni. Ndama walinyonya mpaka wakatapika, na jioni hiyo hakuna mtoto aliyepata maziwa. Baba alikuwa ndani anaugulia. Hapo ndipo walipoingia nyumbani kwa mama, wakaikuta chini ya kitanda kamba ya kumfungia ng'ombe miguu ya nyuma wakati wa kukamua, ina mafundo tele. Baba mwenyewe ndiye aliyeisokota. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Walimwamuru mama ayafungue mafundo mbele ya watu. Aliyafungua kwa vidole, vidole vikashindwa, akatumia meno. Mkojo wa baba haukutoka. Na macho ya mama yalikuwa mekundu, kama ya kila mwanamke wa nchi ile isiyo na miti, tunakopikia mavi ya ng'ombe na kushinda kwenye moshi wake. Siku hiyo wekundu ukaonekana kwake tu, ukaitwa wa uchawi. Baba mdogo akasema kwamba angefungua kwa moyo safi, kingefunguka, wakamtoa kwa fimbo. Mama akaondoka kwa miguu kwenda kwa kaka yake, katika mvua.

Habari nililetewa na mwuza samli. Nilikwenda na mkokoteni wa ng'ombe wa mume wangu, nikamkuta baba amelala, tumbo limejaa kama kibuyu, maneno hayaeleweki. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Humtoi hapa, ng'wanone, mwanangu. Dawa ya mzungu haifungui kilichofungwa na mtu."

"Basi akifia njiani nitamzika mimi. Nipishe!"

Sikuwahi kumfokea mtu mzima maishani mwangu. Siku hiyo nilimfokea na sikuona haya, na hata leo sioni.

Dresa, mhudumu wa zahanati ya mjini, alikuwa na haraka. Aliniuliza mzee alianza lini. Usiku anaamka? Mkojo unakatika katikati? Anaona damu? Akimaliza, anahisi kama bado? Majibu yote alikuwa nayo mama, na mama tulikuwa tumemfukuza. Dresa akaguna, akapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo. Beseni likajaa, likaletwa jingine. Mkojo ulikuwa mweusi, una damu, unanuka. Baba akafumbua macho akalia.

Dresa akanieleza kwamba wanaume wana tezi iliyokaa shingoni mwa kibofu. Uzeeni huvimba, ikaibana njia. Mzee angeletwa wakati ule anatoa matone, pengine wangemsaidia. Sasa mkojo ulikuwa umekaa mno, na sumu yake imekwisha kurudi kwenye figo. Siku hizi nasikia wanaiita tezi dume, na vijana wanacheka wakilisikia jina hilo kama tulivyocheka sisi.

Baba aliniuliza nani kamfungua.

"Mpira, baba. Hakuna mtu aliyekufunga."

Akaangaza chumbani kumtafuta mama. "Mayu wako yuko wapi?"

Nilimweleza yote, mpaka kamba na meno. Akageukia ukutani. Nilidhani amelala, nikamsikia akisema, "Mwite mama yenu aje afunge ndama." Hakusema tena. Mama alifika akamkuta amefunikwa.

Msibani baba mdogo aliwageukia waombolezaji. "Mwaona? Alipoondoka tu yule mwanamke, mkojo ukatoka." Na watu wakatikisa vichwa kukubali, watu wazima na akili zao. Nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Mama nilimchukua, tukaishi naye mjini miaka mingi. Alipika, alilima, alilea wanangu. Ila kitu cha kufunga hakukigusa, awe peke yake au na watu. Mzigo wa kuni alinisubiri mimi. Hata nguo yake kifuani, asubuhi, aliikusanya kwa mkono mmoja akaja chumbani kwangu.

"Nifungie, ng'wanone," alikuwa akisema, na macho yake yako mlangoni.