Bibi Aliyekataa Kutoa Ulimi

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya ngozi mjini Newala, daktari kijana alimwamkia bibi mmoja shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akasema, "Bibi, toa ulimi."

"Umeniamkia vizuri, mjukuu wangu, sasa nikutolee ulimi? Mimi naumwa ngozi."

Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili inayoshambulia ngozi miaka mingi huweza kushambulia na kinywa, na kidonda kisichopona humo huweza kugeuka saratani.

"Basi hawa wa kwenye benchi wageuke."

Tuligeukia ukuta, watu wazima sita, kama wanafunzi waliopewa adhabu.

"Hiki kidonda kina muda gani, bibi?"

"Ah, korosho ya moto hiyo. Tangu msimu uliopita."

Wenzangu walicheka. Mke wangu alikuwa na ngozi kama hiyo, akatoa jibu kama hilo, nami na shahada yangu nikaridhika nalo, mpaka saratani ilipomchukua.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Lupaso kwa mdogo wa marehemu mke wangu, mwenye ugonjwa uleule wa ngozi, nikamwomba atoe ulimi.

"Shemeji, umepata wazimu?"

Nilimwambia ndiyo, nikawasha tochi.