Mkono Mmoja Mbele ya Baba Mkubwa

Mke wangu Bunrye hajui kukaa. Tangu bonde la Saetgol lijazwe maji ya bwawa na kijiji chao kizame, yapata miaka hamsini na miwili sasa, tumehama mara kumi na saba. Nyumba hii ina unyevu, ile jiko lake limekaa vibaya, nyingine majirani wanasalimia kama wanaolazimishwa. Mimi ni fundi wa mapaa, na kazi yangu ipo popote penye mvua, kwa hiyo nilikuwa nabeba ngazi na kumfuata. Watu walidhani mzururaji ni mimi. Sikuwabishia.

Mwaka huu, majani yalipoanza kupukutika, akaanza tena kufunga bakuli kwa magazeti. Alitaja mji wa Wonju, akataja na kwa mdogo wake kule pwani. Nina miaka sabini na tisa, na goti langu la kulia halitaki kusikia habari za Wonju. Nikamwomba tukae. Akasema hata yeye angependa, ila kila alalapo nyumba ya watu mwili unamwasha, wala hajui nyumba gani itamtosha, maana ile ya kwao ameanza kuisahau. Angeiona mara moja tu, alisema, labda angetulia.

Basi tukasikia kwamba ukumbi wa utamaduni wa wilaya umeitengeneza Saetgol upya ndani ya mashine, kwa picha za zamani. Unavaa miwani mikubwa kama ya mchomea vyuma, unajikuta uko pale. Siku mbili tu, kila mtu dakika kumi kwa siku.

Fundi wa mashine ile, Bwana Maeng, mtu mpole wa rika la binti yetu Insuk, alituonyesha jinsi ya kutembea humo. Hushiki kitu. Kuna kamera ukutani zinazotazama mkono wako. Unanyoosha mkono wa kulia. Ukigeuza kiganja juu, unakwenda. Ukikigeuza chini, unasimama. Ukipinda kifundo cha mkono, njia inapinda nawe. Mlango unaufungua kwa kubana kidole gumba na cha shahada. Bunrye alishika yote kwa kutazama mara moja. Amepepeta mpunga tangu utotoni, vifundo vyake ni vyepesi kuliko vya fundi mwenyewe.

Siku ya kwanza akavaa miwani, akanyoosha mkono, akaganda. Sisi wa kwenye foleni tuliona katika skrini kile alichokiona yeye: njia ya kuingilia kijijini, kinu cha kukobolea mpunga, na mbele ya kinu wazee watatu kwenye benchi. Wa katikati alikuwa kaka mkubwa wa baba yake, marehemu siku nyingi, kofia imekaa upande. Bunrye akainamisha kichwa, na mkono wa kushoto ukaja wenyewe kuukamata wa kulia kwenye kifundo, kama anavyofanya kwetu yeyote aliyelelewa vizuri akimnyooshea mkono mkubwa wake, maana mkono mmoja ni utovu wa adabu. Kamera zikakipoteza kifundo. Mashine ikatulia tuli.

"Mama, achia huo wa kushoto," Bwana Maeng akamwambia.

"Niuachie vipi, na baba mkubwa ananitazama?"

"Hakutazami, mama. Ni picha tu."

"Picha ya nani?"

Bwana Maeng akasogea karibu. Akautoa ule mkono taratibu, ukarudi. Dakika kumi zikaisha Bunrye akiwa palepale. Nyuma yetu mzee mmoja wa Saetgol akasema huyu hajabadilika, hata utotoni akitumwa chumvi alikuwa anafika dukani akasahau alichotumwa. Bunrye akamwambia apite yeye tuone. Akapita, naye akaganda vilevile.

Nyumbani hakula. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, kiganja juu, kiganja chini. Nikamweleza kwamba nimemnong'oneza Bwana Maeng, na anaweza kuwaondoa wale wazee kwa kubonyeza mara moja. Hapo nilikosea.

"Umfukuze baba mkubwa kijijini kwake ili mimi nipite? Baba Insuk, jua la mapaani limekuharibu kichwa."

Siku ya pili alianza kwa kupiga magoti na kusujudu mpaka sakafuni. Akainuka. "Baba mkubwa," akasema, "nina dakika kumi tu." Kisha akageuka upande, uso na mabega, kama tunavyogeuka tunapokunywa pombe mbele ya wakubwa ili wasituone. Akiwa amegeuka hivyo, akauachia mkono wa kushoto. Kiganja juu. Kijiji kikaanza kwenda.

Alikipita chote upandeupande kama kaa. Hata benchi lilipobaki nyuma hakuthubutu kujinyoosha. Akagonga ukuta wa shule, akakosea njia kisimani, na foleni nzima ikawa inampigia kelele kushoto, kulia. Dakika ya saba akafika langoni kwao. Akabana vidole. Ua, ngazi ya jiwe, mlango wa jiko. Akabana tena.

Ndani hamkuwa na kitu, kijivu kitupu kama ukungu. Bwana Maeng akaeleza kwa sauti ya chini kwamba siku zile hakuna aliyepiga picha jikoni. Zilizopatikana ni za nje, za harusi na za misiba.

"Chungu kilikuwa hapa," Bunrye akasema, akionyesha. Mashine ikadhani anataka kwenda, ikamtoa kupitia ukutani mpaka shamba la figili. Akarudi akiguna. "Na mtungi wa maji hapa." Akajikuta kwenye choo cha jirani. Watu walicheka, nami nikacheka. Kengele ikalia.

Alipovua miwani nilingoja anitajie Wonju. Badala yake akamuuliza Bwana Maeng ni nani aliyechora jiko tupu. Bwana Maeng akakiri ni yeye, akaomba radhi, akaomba pia kama mama angekuja kila Jumanne kumweleza kila kitu kilikaa wapi, naye akichore. Ingechukua muda gani? Jiko peke yake, miezi. Nyumba nzima, mwaka, pengine miwili.

Tukielekea kituo cha basi alinitangulia, kama kawaida yake.

"Wonju ni mbali," akasema bila kugeuka. "Nani atakuja kumkosoa yule mtu kila Jumanne?"

Jumanne nne zimepita. Chungu kimekaa sawa. Mtungi bado: Bwana Maeng aliuweka kushoto mwa mlango, Bunrye akamwambia aufute, kisha mwenyewe akaingiwa na shaka, akampigia mdogo wake simu. Mdogo wake anashikilia kwamba mtungi haukuwahi kukaa ndani. Wamebishana siku tatu kwenye simu, na leo amepanda basi kutoka pwani ili wabishane ana kwa ana.