Mgeni wa Jumapili

Mimi hununua vitu vilivyowachosha wenyewe, nikawauzia wanaovihitaji: meza, pasi, vitabu. Ndiyo maana watu huniletea kila kitu, hata matatizo yao. Mizani aliniletea neno.

Tulimwita Mizani kwa sababu ndiye aliyepima misumari na nyaya katika bohari la vifaa vya ujenzi kwa miaka kumi na tisa, na sijapata kusikia mteja akilalamika kuwa kapunjwa. Mke hana, mtoto hana. Chumba chake na cha mama mshonaji vilitenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mmoja akikohoa, mwingine anapokea.

Jumapili moja alasiri nyaya za shaba ziliibwa boharini. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja kwa Mizani, wa pili kwa shemeji wa meneja. Nani atashukiwa, fikiria mwenyewe. Kesho yake Mizani akanyang'anywa ufunguo, akapewa barua: kufikia Jumatano awe ameleta alibi, la sivyo kazi hana na polisi wataitwa.

"Hii napata wapi?" akaniuliza. Alidhani ni fomu.

Nikashusha kamusi nene iliyokuwa ikingoja mnunuzi, nikamsomea. Neno la Kilatini, lililoingia katika Kiingereza cha mahakamani. Maana yake ni mahali pengine, basi. Mtu anashtakiwa kwa kosa, naye anajibu kwamba lilipotendeka yeye alikuwa kwingine.

"Mbona mimi sikuwa mahali pengine? Nilikuwa nyumbani."

"Nyumbani ndipo mahali pengine, kaka. Wizi ulikuwa boharini. Nani alikuona?"

Akaangalia viatu vyake. "Jumapili? Nani aje?"

Nikamtajia mama mshonaji. Akasitasita, akasema tumwache mama wa watu na cherehani yake. Nikadhani ni haya ya kuomba. Nikamwendea mwenyewe, na Jumatano tukaingia ofisini watatu.

Mama hakumung'unya maneno. "Alikuwepo tangu saa saba mpaka jua linapoa. Walikuwa wawili, wanacheza drafti. Kelele hizo! Huyu anasema, 'Kula basi, unaogopa nini?' Mwenzake anajibu, 'Tulia, mzee, nakunyoa bila maji!' Nusura nigonge ukuta."

"Safi kabisa," meneja akasema. "Mleteni huyo mgeni athibitishe, yaishe."

Jasho likamtoka Mizani. "Hakuna mgeni."

"Wee baba, usinifanye mwongo mbele za watu!" mama akaruka. "Nimemsikia kwa masikio yangu, yule mwenye sauti nyembamba!"

Nikaona biashara inaharibika. Mgeni akiwepo na asitajwe, ni mwizi mwenzake. Asipokuwepo, shahidi wetu ni mwongo. Nikamkanyaga Mizani mguu chini ya meza. "Sema."

Akasimama, akafumba macho. Kwa sauti yake ile nzito akasema, "Kula basi, unaogopa nini?" Halafu kwenye kifua kile kile ikatoka sauti nyingine, nyembamba, yenye utani: "Tulia, mzee, nakunyoa bila maji!"

Mama mshonaji akajishika mdomo. "Ndiye huyo," akasema taratibu. "Ndiye mgeni."

Hakuna aliyecheka. Meneja akapanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa. "Na nani hushinda?" akauliza.

"Yeye," Mizani akajibu.

Ufunguo alirudishiwa siku ile ile, na wiki ya pili shemeji mtu akakamatwa akiuza nyaya. Lakini habari ya ofisini ilikwisha kuvuka geti. Kila asubuhi vibarua wakamsalimu, "Mizani, mgeni hajambo?" Naye anaitikia, "Hajambo," anaingia kazini.

Mwezi haukwisha, akaja dukani na ubao wa drafti kwapani, kete zake ni vizibo vya soda.

"Nunua."

"Mimi sinunui kitu kabla ya kukijaribu. Kaa."

Tukapanga. Mimi si mchezaji, lakini nilimla tatu mfululizo. Kule kwake, mama mshonaji alishanieleza, ukuta siku hizi uko kimya, hata Jumapili.

Nikamchokoza. "Kula basi, unaogopa nini?"

Nikangoja mgeni ajibu. Mizani akasogeza kizibo kimoja kwa kidole, akanionyesha kwamba ni zamu yangu.