Leonida na Moto wa Nyar Polo

Watu wa Migori wakisema mwanamke fulani ni mkaidi, wanalitamka neno hilo kama wanamtaja mwizi. Sawa. Leonida alikuwa mkaidi, na mimi Ruqia nilikuwapo siku ukaidi wake ulipotoka nje ukaonekana, kwa hiyo niachieni mimi niieleze habari hii. Nimechoka kuisikia ikiharibiwa na watu ambao siku hiyo walikuwa sokoni wakinunua sukuma wiki.

Mimi kwetu ni Malindi. Mume wangu Bashir alinileta Migori mwaka wa themanini na tatu, nikalia mwezi mzima, kisha nikazoea. Tulikuwa na duka la leso, chupa za chai, betri na redio, na ukuta wetu ulishikana na chumba cha vidio cha Paul, mume wa Leonida. Paul alikuwa Mjaluo wa Kosele, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto akaitika. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu filamu. Siku za kawaida alieleza kwa Kijaluo. Siku ya soko, Wakuria walipokuja na ng'ombe wao, alieleza kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini hilo halikumsumbua yeye wala wateja wake.

Filamu iliyompa jina ilikuwa na sehemu tatu, kaseti tatu. Ilikuwa na jina lake la Kizungu, lakini hapa kwetu hakuna aliyelijali. Paul aliiita Nyar Polo, yaani binti wa mbinguni, na mji mzima ukaiita hivyo. Ilikuwa habari ya nahodha mwanamke anayeendesha chombo angani, amebeba watu ambao dunia yao imekufa, anawatafutia dunia nyingine, na nyuma yake watu wa chuma wanamfukuza. Paul aliongeza kwamba chombo kile kilibeba na ng'ombe. Mkuria mmoja aliposimama kuuliza mbona ng'ombe hawaonekani, Paul alimjibu bila kupepesa jicho kwamba wako ghorofa ya chini, wanakula. Mtu akaridhika, akaketi.

Mwisho wa kaseti ya tatu ndio uliowamaliza watu. Picha ilikuwa ikikatika pale jua kubwa la moto linapotokea mbele ya chombo, na Paul, chumba kikiwa giza, alimalizia kwa mdomo. Nyar Polo, alisema, aliwashusha watu wake wote katika mashua ndogo, kisha akakielekeza chombo motoni, yeye peke yake, ili wale wa chuma wamfuate waungue naye. Wanaume wazima walitoka pale wakifuta macho kwa mikono ya mashati. Hata mimi, niliyekuwa nasikiliza kupitia ukutani, nililia, na sioni haya.

Mwaka wa tisini na tatu Bashir alivuka mpaka akarudi na mashine ya gemu, kijisanduku cheupe cha kuunganisha na televisheni, na kaseti moja ya gemu yenye picha ya Nyar Polo juu yake. Paul akainunua siku hiyohiyo. Jamani, vijana walipanga foleni mpaka mlangoni kwangu, na si vijana peke yao. Walimu walikuja, makanga walikuja, na Zablon, kaka mkubwa wa Paul, mzee wa kanisa kule Kosele, akija mjini kununua mbolea alipitia pale akabonyeza mpaka basi likamwacha.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika gemu ile unakiendesha chombo, unakwepa mawe, unapiga watu wa chuma, hatua baada ya hatua, na mwishoni moto ule unatokea umejaa kioo kizima. Kila aliyefika pale alifanya jambo moja: aliingia motoni. Kioo kikawa chekundu, kikawa cheusi, yakatokea maneno yaleyale yanayotokea mtu akifa. Katika gemu nyingine yoyote watu wangekucheka. Katika hii walikupigia makofi na Paul akakupa soda, kwa sababu kila mtu alijua hadithi inavyokwisha. Miaka mitatu mji mzima ulikuwa unajichoma pale na kushangilia.

Paul alifariki mwaka wa tisini na sita, homa ya matumbo. Leonida alifunga chumba mwaka mzima, kisha akakifungua peke yake, mwanamke wa Rusinga asiye na ndugu hata mmoja Migori. Kiti cha Paul alikitoa nje akakipasua kuni, maana hakutaka mtu yeyote akikalie wala akiulizie. Kuna waliosema hayo si ya mjane mwenye adabu. Alipika chapati kwa kuni zile, akanikaribisha, tukala.

Chumba kile kilimlisha yeye na binti yake Liz. Zablon alikuwa na mpango mwingine. Alitaka chumba kifungwe, vyombo vyake vihamie Kosele, na Leonida arudi bomani kwa marehemu ili arithiwe na binamu yao mmoja mwenye wake wawili na meno machache. Alituma ujumbe mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu, mwezi wa Agosti mwaka wa tisini na nane, alituma siku: Alhamisi wanakuja kumchukua. Katika ukoo wao mjane hachukuliwi na wanaume watupu. Mama wa marehemu ndiye anayemshika mkono, kwa hiyo mama mkwe, Bathsheba, angekuja pia.

Leonida alinieleza hayo Jumatatu, mvua inanyesha, hakuna mteja. Wateja walikuwa wamepungua hata bila mvua, maana karibu na stendi watu walikuwa na mashine mpya za gemu za sidii. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na akasema lazima ashike kitu la sivyo atavunja kitu. Akalifungua sanduku, akaitoa kaseti ya zamani ya gemu ya Nyar Polo ambayo haikuguswa tangu kifo cha Paul, akaipuliza vumbi, akaichomeka. Nikakaa naye. Duka nilimwachia Bashir.

Ilichukua muda vidole vyake kukumbuka. Alikufa mara nne katika mawe. Kisha akazoea, akapita hatua zote, na moto ukatokea. Hapo akasimamisha mkono.

"Leo siingii," akasema.

Nikamwambia lakini ndivyo inavyokwisha. Akaniambia kwa ukali nisimfundishe hadithi ya mume wake. Akakigeuza chombo kirudi kilikotoka. Wallahi, sikujua kama kinaweza kugeuka. Sidhani kama katika Migori yote kuna mtu aliyewahi kujaribu. Kikaungua. Akaanza upya, akafika tena, akageuza mapema zaidi, akapita katikati ya mawe aliyokwisha kuyapita, na watu wa chuma waliokuwa nyuma yake wakajikuta mbele ya moto, wakaingia wao. Kisha kioo kikafunguka. Ikatokea dunia ya kijani, chombo kikatua, mlango ukafunguka, na watu wadogo wakashuka wamenyoosha mikono juu, na nyuma yao akashuka Nyar Polo, mzima. Kulikuwa na maandishi. Leonida alisoma mpaka kidato cha pili, akayasoma polepole: nahodha amewafikisha watu wake nyumbani.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hasira, anapiga goti lake kwa ngumi, anamuuliza marehemu kwa Kijaluo kwa nini, kwa nini. Mimi nikatoka mbio kumshika Bashir, kwa sababu kaseti ya tatu ya vidio ilitoka kwake, na nikamwambia aseme kweli au chakula cha usiku ajipikie. Bashir akajikuna kichwa. Akasema mashine iliitafuna kaseti ile siku ya kwanza kabisa, chumba kimejaa watu mpaka madirishani. Paul akakata kipande kilichoharibika, akaunganisha kwa selotepu, na mwisho akautunga palepale. Nikamuuliza kwa nini Paul akatunga Nyar Polo afe. Bashir akasema watu walipenda, walirudi na wake zao ili nao walie.

Nilirudi nikamweleza Leonida. Alifuta macho kwa leso. Kisha akasema Paul alikuwa mtu mzuri, na kwamba kama angekuwa hai, yeye Leonida angemrushia sufuria.

Alhamisi walikuja watano saa nne asubuhi: Zablon, wazee watatu wa ukoo, na Bathsheba, kikongwe mwembamba aliyefunga kitambaa cheupe, anayetembea taratibu na hasemi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, na Zablon aliponitazama ili niondoke, nikajitia hamnazo. Walizungumza Kijaluo, ambacho baada ya miaka kumi na mitano kinanipita kidogo tu.

Zablon alisema kwa muda mrefu na alisema vizuri, hilo simnyimi. Alisema nyumba ya Paul kule Kosele inaanguka. Alisema watu wanacheka. Kisha akaigeukia ile televisheni kama anageukia msalaba, akasema kwamba mdogo wake alikuwa hana shule kubwa lakini aliwafundisha jambo moja, na yeye Zablon alilisema kaburini kwa Paul na anarudia leo: Nyar Polo hakutafuta raha yake. Aliuona moto na akaingia, kwa ajili ya watu wake. "Na wewe ni mke wa mtu aliyetupa hadithi hiyo," akasema. "Utakosaje kuijua?"

Nilidhani Leonida atamtukana. Mimi ningemtukana. Yeye aliwaomba wakae kwenye mabenchi, akawasha stima, akasema kabla hajajibu kuna kitu wakione. Wazee wakatazamana. Mmoja alikuwa shabiki wa zamani, akaketi upesi kuliko wenzake.

Mara ya kwanza aliharibu. Alikufa katika hatua ya tatu, Zablon akacheka puani. Akaanza upya bila kugeuka nyuma. Akapita mawe, akawapita watu wa chuma, na moto ulipotokea yule mzee shabiki akavua kofia, nawaambieni ukweli, alivua kofia kama yuko msibani. Leonida akakigeuza chombo.

Mzee alipiga kelele kwamba hapana, si huko. Zablon akainuka. Wale wa chuma wakaingia motoni mmoja baada ya mwingine, na chombo kikabaki chenyewe katika giza, kinakwenda, na kabla dunia ya kijani haijatokea Zablon akainama akaichomoa plagi ukutani.

Akasema mashine imeharibika. Akasema mwanamke ameichezea. Leonida akasimama, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Alimwambia shemeji yake kwamba mashine ni nzima. Hadithi ya moto Paul aliitunga siku kaseti ilipotafunwa, kwa sababu chumba kilijaa na hakutaka kurudisha watu nyumbani bila mwisho. Bashir yupo mlango wa pili, aulizwe.

"Mimi nilimpenda Paul," akasema. "Lakini siingii katika moto alioutunga. Kosele sirudi. Mkitaka mashine, chukueni, nitauza samaki wa omena mlangoni. Mimi mtanibeba nikiwa maiti tu."

Zablon akawaambia wazee waanze kukusanya vitu, na mama amshike mkono mkwewe waondoke, basi la Kosele haliwasubiri. Wazee hawakusogea. Walikuwa wanamtazama Bathsheba, na Bathsheba alikuwa bado ameketi, anatazama kioo kilichozimika.

"Halafu?" akauliza.

Zablon akasema halafu nini, mama, twende.

"Sikuulizi wewe. Leonida, halafu?"

Leonida akapiga magoti mbele ya yule kikongwe. Akamwambia Nyar Polo anafika nyumbani. Anafika na watu wake wote, na yeye mwenyewe anashuka wa mwisho, mzima.

Bathsheba akaanza kuvua viatu, kimoja, cha pili, akavisukuma chini ya benchi kama mtu aliyefika kwake. Zablon akamwita mara mbili na hakugeuka.

"Baba yako alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na mitano," akamwambia. "Nilipewa kwa ndugu yake, yule aliyenivunja huu mkono, na nyinyi mlikuwa mnaona. Niliambiwa ni kwa ajili yenu. Hakuna mtu aliyeniambia naweza kugeuka. Hata mmoja, Zablon."

Akamwelekezea ukuta kwa kidole.

"Rudisha hiyo waya. Kisha mwende zenu Kosele. Mimi nakaa hapa na mtoto wangu."

Na Zablon, mzee wa kanisa, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga magoti sakafuni akairudisha plagi.