Jina la Eugene Nyuma ya Kadi

Katika mji wa Toledo, wenzake Leonard Gorski walimtania kwamba hajui wachezaji wa besiboli wana sura. Kila Jumamosi wazee walipanga meza za kadi za zamani zenye picha za wachezaji hao, za kuuza na kubadilishana, kwenye ukumbi wa kanisa, wakazichambua picha kama wapishi wanaochambua mchele. Leonard yeye alizigeuza tu.

“Gorski, bwana, kadi hutazamwa usoni! Au umeoa migongo?” Harlan, mwenye meza ya mlangoni, alimrushia utani.

“Wewe uza, maneno waachie wenye meno.”

Alikuwa akitafuta jina. Kaka yake Eugene aliandika jina lake kwa penseli nyuma ya kila kadi yake, ili watoto wa mtaani wasimwibie. Eugene akapelekwa vitani Vietnam, hakurudi. Mama yao, kwa uchungu, akauza sanduku zima la kadi zake pale uani kwa wapita njia. Leonard hakubaki na mwandiko wa kaka yake hata herufi moja.

Kisha ikaja minada ya mtandaoni. Harlan akakunja meza yake, ukumbi ukafungwa, na watu waliozoea kugombana huku wakila donati wakabaki kila mmoja kwake, na kioo cha kompyuta yake. Leonard aliichukia minada hiyo kama ukoma, lakini aliifuata, maana kadi zote zilikuwa zimehamia huko. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mkewe Dolores alimsikia akipiga kelele sebuleni. Kulikuwa na kadi inauzwa Arizona, na kwenye picha ya mgongo wake herufi za penseli zimelala upande: Eugene G.

“Mwandikie muuzaji basi. Mwambie ilikuwa ya kaka yako,” Dolores alisema.

“Thubutu! Mke wangu, ukionyesha unakitaka kitu, umekwisha.”

Ndivyo ukumbi ulivyomfunza: mnunuzi hafungui moyo. Akanyamaza, akapandisha bei, akashinda. Akalia, mzee mzima, bila aibu.

Kadi ilifika ndani ya plastiki ngumu. Aliigeuza kabla hata hajaketi. Mgongo ulikuwa safi, hauna alama yoyote.

Alimpigia simu muuzaji, Brent.

“Ah, mzee wangu! Umeiona?” Brent alisema kwa furaha. “Ilikuwa imechafuliwa na penseli. Nilivyoona umeipigania vile, nikasema huyu nimfanyie hisani. Nimeifuta taratibu na raba laini. Siku hizi doa dogo tu, wapima ubora wa kadi wanakunyonga, thamani inashuka! Na sikudai hata senti.”

Majuto ni mjukuu, na ya Leonard yalikuja yote kwa mkupuo. Neno moja tu kwa mtu huyu, na jina lingekuwepo.

“Mzee, upo? Imependeza, au siyo?”

“Imependeza,” alisema. “Asante sana.”

Dolores alikuja mbio kutoka jikoni, anafuta mikono, anataka kuona. Leonard aliifunika kadi kwa kiganja, akamwambia alilisoma vibaya jina kwenye picha, haikuwa ya Eugene.