Tulivyoenda Kuulilia Mji wa Papa Behruz

Nawaambia mwenyewe kabla Mama Furaha hajawafikia, maana yeye ndiye mchochezi.

Hapa Houston namhudumia mzee wa Irani, Papa Behruz. Jumatatu nilimkuta ameshika picha alizoletewa na binti yake, anatokwa machozi. "Kwetu," akaniambia. Nikatazama: nguzo zimevunjika, nyumba hazina paa, na watu wenye mabegi mgongoni wanamfuata mwanamume aliyeinua kibendera. Shule sikumaliza, lakini mstari ule naujua. Tulipokimbia Kongo, mtu wa kibendera ndiye aliyetuongoza mpaka kambini.

Nikampigia Mama Furaha wa kwaya. "Na wewe umekaa tu?" akanifokea. "Mtu amepoteza mji mzima, hujampelekea hata sombe!" Kwangu kulipochomwa hakuna aliyekuja kunililia. Sikubisha.

Jumamosi tukaingia akina mama sita wa kwaya na chungu cha sombe ya majani ya muhogo, tukaketi sakafuni kama matangani, tukalia kwa sauti. Papa naye akalia. Binti yake akatoka jikoni, mdomo wazi.

"Nani aliyeuchoma mji?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Waliochoma kwangu, Kasongo na nduguye, nawajua kwa majina.

"Aleksanda."

"Wamemkamata?"

"Mama, huyo ni mfalme wa kale, alikufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita! Mimi nilienda kutembea tu. Huyo wa kibendera anaongoza watalii."

Mama Furaha akafuta machozi, akanigeukia mbele ya kwaya nzima. "Yaani sauti zote hizi zimetukauka kwa ajili ya watalii?"