Mzani Uliopelekwa Kambini

Langoni pa shule, karibu na Base ya Kamina, kambi ya jeshi, hakuna tena anayewazuia watoto asubuhi na kuwauliza wamekula nini. Wanapita tu, wengine na matumbo matupu, na mlango wa chumba cha dawa umefungwa kwa kipande cha waya.

Aliyekuwa akiuliza ni Émerence, muuguzi wa shule. Kwake yeye njaa ilikuwa ugonjwa wa kwanza wa mwanafunzi. Wa pili ni kichocho, kilichowangoja kwenye maji waliyooga. Tamar, binti wa askari, alikuwa akikojoa damu. Vidonge vya kichocho vilipofika, Émerence aliwasimamisha watoto kando ya mti wa kupimia uliochorwa mistari: kimo cha mtoto ndicho kilichoonyesha idadi ya vidonge vyake.

Laetitia, mama yake Tamar, aliona kutoka barabarani, akampigia muuguzi kelele.

— Weye, Mama Infirmière! Unapima mutoto wangu na muti? Bantu ba kufa njo banapimiwaka vile!

Mwaka uliotangulia seremala alikuwa amempima kwa mti mtoto mchanga wa Laetitia aliyefariki, amchongee jeneza. Kina mama wote walikumbuka. Kesho yake madarasa yalikuwa nusu tupu.

Mkuu wa shule alitaka askari wawalete watoto kwa nguvu.

— Hapana, Émerence akasema. Mutoto wa kukamatwa atatapika dawa, na mama yake hatatuamini tena.

Akawaza. Kina mama hao hao hupeleka vichanga wao kupimwa kilo kila mwezi, wakishangilia uzito ulioongezeka. Hakuna anayepimwa kilo ili azikwe. Na uzito nao hutosha kujua idadi ya vidonge. Akaazima mzani wa kituo cha afya, akaufunga nyuma ya baiskeli, akaenda kambini hadi mlangoni kwa Laetitia.

— Kilo? Laetitia akauliza. Basi panda weye kwanza, tuone masahani ngapi ya bukari unakulaka!

Émerence akavua viatu, akapanda. Majirani wakamwita gunia la mahindi. Hakushuka mpaka walipochoka kucheka.

— Tamar amekula? Émerence akauliza.

— Bado.

— Mupe kwanza. Minyi nitangoja.

Akangoja. Tamar alipopanda, mama yake alimshika bega.

— Toa mukono, Mama Tamar. Weye hatukupime.

Laetitia akasita, kisha akaachia. Mtoto akameza vidonge vyake. Mlango wa jirani ukafunguliwa.

Kazi ya asubuhi moja ikachukua wiki nzima, magurudumu yakizama mchangani. Hakuruka nyumba hata moja.

Tamar hakojoi damu tena. Émerence amehamishiwa mji wa Bukama. Ni muuguzi wa shule moja karibu na stesheni ya treni.